Kama Rula

Chaki ya fundi cherehani ina harufu yake. Si ile ya ubaoni inayokuingia puani ukapiga chafya. Hii ni bapa, laini kama kipande cha sabuni kilichokaribia kwisha, na ikichanganyika na mafuta ya cherehani na kitambaa kipya ambacho bado hakijaonja maji, basi mimi huwa nimekwisha. Wiki iliyopita nilipeleka gauni kwa fundi mmoja pale Bugolobi alipunguze kiunoni. Kuingia tu mlangoni, harufu ikanipokea, na kabla hata sijamsalimu mwenye duka, macho yalishakwenda ukutani kutafuta rula. Ilikuwapo, ya mbao, imetundikwa kwa msumari, ina makovu ya wembe kila upande. Nikacheka peke yangu. Fundi akauliza kama kuna shida. Nikamwambia hakuna, ila mimi na kitu kile tuna kesi ya zamani.

Kesi yenyewe nawasimulia leo, maana wengi mnanijua kwa kazi yangu ya ukalimani na mnadhani nilizaliwa na lugha zangu zote kinywani. Wapi!

Nilikulia Naguru, kambi ya polisi, katika nyumba ya chumba kimoja na nusu. Nusu hiyo ilikuwa ya cherehani. Baba alikuwa polisi, Mwacholi wa Gulu. Mama alitoka Bukavu. Walitongozana kwa Kiswahili, wakaoana kwa Kiswahili, na kugombana pia kwa Kiswahili, kila mtu na chake. Cha Baba kilikuwa cha gwaride: kifupi, kikavu, ngeli zote amezitia gunia moja. Cha Mama kilikuwa kirefu na cha kubembeleza, na Kifaransa kikichungulia humo ndani. Kile kijiti cha kupimia, Baba alikiita rula. Mama alikiita regle, kama walivyokiita shuleni kwao. Na mwalimu wangu, Madam Proscovia, Mganda wa Masaka, alikiita lula, kama vile mimi, Furaha, alivyoniita Fulaha miaka yote aliyonifundisha. Niliyajua majina yote matatu, kwa hiyo nikajihesabu msomi.

Shida ilikuwa Kiingereza. Kila asubuhi Madam alituambia, “Rule your books,” nasi tukatoa rula, tukapiga mstari wa pambizo kwa kalamu nyekundu. Ukutani palikuwa na karatasi kubwa iliyoandikwa juu RULES, na chini yake mistari kumi ya mambo tuliyokatazwa. Aliyevunja mmojawapo alinyoosha kiganja akachapwa, na alichapwa kwa rula. Sasa niambieni nyinyi, mtoto wa miaka tisa angefanyaje? Kijiti, mstari, karatasi ya ukutani na maumivu ya kiganja, vyote vilitoka mdomo mmoja kwa sauti karibu ile ile. Nikaamua kwamba hilo ni neno moja lenye maana moja, nayo ni rula. Sikumwuliza mtu. Nilikuwa mtoto wa kuulizwa, si wa kuuliza.

Na kweli nyumbani niliulizwa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa Kiingereza cha Mama. Baba alikisoma vizuri, lakini mwaka ule walimpanga lindo kule Port Bell, akirudi nyumbani ni kula na kuanguka kitandani. Barua zote zikaja kwangu. Nilizisoma nimesimama, karatasi nimeishika mbali na macho kama mkubwa fulani wa ofisini, na nikikutana na neno nisilolijua nilipandisha sauti nikalipita mbio. Mama alinisikiliza kwa heshima zote, mikono amekunja mapajani. Nawaambia, utamu wa kusikilizwa vile na mama yako mzazi, huwezi kuukatisha kwa kusema hujui.

Siku moja nikaja na barua ya Madam mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa na kwaya ya shule, na kwaya ilikuwa inakwenda kwenye mashindano Bugolobi, Ijumaa ya wiki iliyofuata. Alikuwa ametuma na robota la kitambaa cha rangi ya zambarau, kitambaa cha shule, kilichonunuliwa kwa michango ya wazazi. Sketi kumi na nane. Hapo ndipo mjue Mama alikuwa nani wakati ule: fundi wa kurudishia vifungo na kuziba magoti ya suruali za askari. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kushona kitu kizima kutoka mwanzo, na mkuu wa shule alishamwambia waziwazi kwamba zikipendeza, sare za shule nzima zitakuwa zake. Zikiharibika, hakuna kitambaa kingine, na Mama anarudi kwenye vifungo vyake.

Nikasimama, nikasoma. Barua ilikuwa fupi. Mahali pa maana paliandikwa: “As a rule, the skirts go below the knee.” Leo naweza kuwaambia nikiwa nimelala kwamba maana yake ni kuwa kwa kawaida sketi hupita magoti, yaani ziwe kama zile za siku zote, za marinda. Siku ile sikusita hata nukta moja. Nikasema, “Kama rula, sketi zishuke chini ya goti.”

“Kama regle?” Mama akauliza. “Si za marinda, kama hizi zenu za darasani?”

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, mkubwa kabisa. Sikuutaka. “Kama rula, Mama,” nikasema. “Nyoofu.”

Hilo la “nyoofu” halikuwamo kwenye barua. Nalikiri hapa.

Mama akakata nyoofu. Wiki nzima nyumba ilinuka chaki na kitambaa kipya, na nililala nikisikia cherehani ikikimbia, ikipumzika, ikikimbia tena. Zilikuwa sketi za kupendeza ukizitazama zimelala kitandani, nyembamba, pindo limenyooka chini ya goti. Jambo moja tu lilimsumbua Mama. Kitambaa kilibaki kingi, karibu nusu ya robota. “Watu wa shule hawajui kupima,” alisema, akacheka, akakikunja chini ya kitanda ili akirudishe. Marinda hula kitambaa, yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini barua ilikuwa imesema, na barua nilikuwa mimi.

Jumatatu tukajaribisha. Mama alikuja shuleni mwenyewe, amevaa kitenge chake kizuri, amesimama pembeni ya ukumbi na sindano zake kwenye mto mdogo. Nami nilikuwa katika kwaya, mstari wa pili, kwa hiyo kosa langu nililivaa. Tulipoambiwa tupande jukwaani, hakuna aliyeweza kunyanyua mguu hadi ngazi ya kwanza. Wa mbele akaruka kama chura, miguu yote kwa pamoja. Wa pili akaruka. Wa tatu sketi ikapasuka nyuma kwa mlio ambao hadi leo nausikia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Madam Proscovia hakucheka. “Mama Fulaha,” alisema polepole, “malinda yako wapi? Balua nilikutumia, sivyo?”

Mama akanitazama mara moja. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilijua nikisema nitachekwa na kwaya nzima, na nikinyamaza Mama ataonekana fundi asiyejua kazi. Nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza, na kati ya yote hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

“Kosa ni yangu, Madam,” Mama akasema. “Unipe mpaka Alhamisi.”

Jioni ile Baba alikuwepo, lindo la Port Bell limekwisha. Alipoambiwa mambo yalivyo, akafungua kesi. Hakujua kuuliza kitu nyumbani isipokuwa kama yuko kituoni. “Nani alisoma hii barua?” aliuliza, akinitazama, maana jibu alikuwa nalo. “Mtu alitoa ripoti ya uongo hapa. Mtu huyo anatakiwa adhabu.”

Mama alikuwa anafumua mshono kwa wembe. Hakuinua kichwa. “Mkasi ulikuwa mu mukono ya nani?” alisema. “Yangu. Basi, imeisha.”

Na kweli iliisha. Baba, ambaye mtaani kote aliogopwa, akachukua kiti akaenda kukaa nje.

Mama akalitoa lile robota chini ya kitanda. Akaitwaa rula, akapiga chaki mistari ya mshazari, pembetatu baada ya pembetatu, kisha akafumua kila sketi mbavuni kuanzia pindoni hadi pajani na kuingiza pembetatu mbili. Mimi nilishika kitambaa, nikaokota pini. Alhamisi sketi zilikuwa tayari. Ukisimama, zimenyooka. Ukitembea, zinafunguka kama mwavuli. Bugolobi tulishika nafasi ya tatu, lakini mwalimu wa shule nyingine alikuja kugeuza pindo la sketi yangu kwa vidole, akauliza ni nani aliyeshona. Nikasema ni Mama, kwa sauti ya kusikika ukumbini kote.

Jumanne iliyofuata nikaja na barua nyingine, ya mkuu wa shule. Baba alikuwa kibarazani, miwani puani, siku yake ya mapumziko. Nilipomkabidhi Mama bahasha, Baba akanyoosha mkono aipokee yeye, na mimi nikashusha pumzi. Mama akaifungua, akaipitisha mbele ya mkono ule, akanirudishia.

“Soma,” akasema.

Nikasoma. Safari hii sikuiweka mbali na macho. Nilikwenda neno kwa neno hadi mstari wa mwisho, nikagota. “Hapa sijui,” nikasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka hilo nyumbani kwetu, na paa halikuanguka.

“Sema tu vile imeandikwa.”

“You may commence.”

Mama akainuka. “Commencer?” Akapiga kofi moja. “Commencer ni kuanza. Niko naweza kuanza!” Sare za shule nzima, watoto zaidi ya mia nne, na neno lenyewe alikuwa nalo yeye tangu Bukavu.

Alipokwisha kufurahi akaketi, akaniuliza kwa upole, “Na ile siku, neno ilikuwa gani?” Nikamwambia: rule. Akalirudia mara mbili, akilionja. Kisha akashika tumbo akacheka hadi machozi yakamtoka, maana shuleni kwao regle ilikuwa kijiti cha kupimia, na regle ilikuwa sheria, na regle ilikuwa desturi, yote hayo. Ningalisema tu sijui, nikamsomea neno kama lilivyo, angalilitatua hata kabla sijakunja karatasi.

Sasa mimi nafanya ukalimani kwa wakimbizi waliotoka kulekule kwa Mama, watu ambao neno moja likipinda, maisha yao yanapinda nalo. Rula yake iko mezani kwangu, siipimii chochote. Na nikifika mahali sijui, nasema sijui, mbele ya yeyote, kwa sauti ileile niliyomtaja nayo Mama ukumbini. Wenzangu wapya hushangaa, hudhani nitaonekana mdogo. Bado hakuna aliyenifukuza.

Siku ile ya barua ya pili nilidhani Mama, kwa haraka, hakuuona mkono wa Baba. Aliuona, na barua akanipa mimi.