Daktari wa Likizo

Ujinga wangu ulikuwa huu: likizo iliyopita nilivaa koti jeupe la maabara ya shule, nikasimama pale Dundori tunapopeleka maziwa, nikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo niitwe Daktari.

Kwani mimi ni nani nikose cheo? Kwetu, anayetengeneza redio ni Injinia. Mwenye kishamba cha viazi ni Direkta. Aliyeangushwa kwenye kura bado ni Mheshimiwa, na ukimwita kwa jina lake haitiki.

Asubuhi moja jirani yetu, mama mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, akanishika mkono njiani. "Daktari, ng'ombe ameshindwa kuzaa. Twende."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Zizini nikawakuta wale watatu, Injinia, Direkta na Mheshimiwa, wameshafika. Nikamnong'onezea Injinia, "Boss, si unajua mimi niko Form Three?"

"Wewe fanya kazi, Daktari," akajibu kwa sauti. Direkta akafunga lango. Mheshimiwa akaamuru Daktari apewe nafasi. Hapo ndipo nilipoelewa: hakuna hata mmoja ambaye angenivua cheo changu, maana chake kingefuata.

Jirani akaniletea maji moto na sabuni. "Mungu ni mwema, tuko na wewe." Nikaosha mikono polepole, kama mtu anayengoja kengele ya kwenda nyumbani. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, kwato moja ndogo ikichungulia nje. Moja tu. Hata mimi nilijua miguu ya mbele hutoka yote miwili. Nikaingiza vidole, ng'ombe akaguna, nikavitoa mbio. Akanigeuzia macho. Jirani naye akanitazama. Koti likaanza kunibana shingo.

Nikapanda juu ya lango, nikapiga kelele kuelekea kwetu: "Mathe! Pigia daktari wa ukweli! Mimi si daktari! Si daktari wa kitu chochote!"

Jirani akakaa chini kwenye matope. Direkta akakumbuka kuangalia simu yake.

Daktari mwenyewe alikuja na pikipiki, akanyoosha mguu uliokuwa umekunjika ndani, akavuta. Ndama akatoka kimya, tukafikiri amekufa, kisha akapiga chafya. Jirani akalia kwa furaha, nami nikaanza kuondoka kinyumenyume. Nikamgonga mtu. Alikuwa mama yangu.

"Utakaa hapa mpaka kondo la nyuma litoke," akasema. "Likikataa kutoka, hata wewe hutoki."