Jiwe la Lava Jikoni kwa Bibi

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu. Wewe hata hujazaliwa, na mie mwenyewe bado mdogo. Lakini nakuandikia wewe kwa kuwa mbele za watu ulimi wangu huwa mzito.

Tulikuwa tumehamia Matrah, mji wa bandari ng'ambo ya bahari, kutoka Unguja, nyumba nzima ikimtegemea Ami Nassor, mkalimani wa Mzungu mmoja mtafiti wa mawe. Ami aliweka uani mawe meusi ya lava, ule uji wa moto ulioganda zamani, kila moja lina mshale wa rangi nyeupe. Bibi akaliona moja, akalifanya figa.

Ami akaingia na Mzungu wake, akakuta mchuzi wa papa unatokota juu yake.

“Mama, umeniua! Hiyo ndiyo kazi yangu!”

“Figa moja haliinjiki chungu, Nassor. Au wataka nipikie magotini?”

Hatukucheka. Kazi ile ikienda, na chakula kimekwenda.

Mzungu akachutama. Nyuma ya pazia, nilikielewa Kiingereza chake, nilichokisoma shuleni Unguja, kabla Ami hajakifasiri. Alisema lava inapopoa hushika nguvu ya sumaku ya ardhi, ile inayogeuza sindano ya dira, kwa kadiri ilivyo siku hiyo. Yeye hulipasha jiwe moto kidogo kidogo liachie ile ya kale, kisha hulipoza penye sumaku anayoijua kipimo. Akilinganisha lilichoachia na lilichoshika, hujua ardhi ya zamani ilikuwa na nguvu kiasi gani.

“Basi hili limeshafutika?” Ami akamuuliza.

“Moto wa mchuzi umefuta ulichoweza. Kilichoshikwa kwenye moto mkali zaidi kimo bado. Nitalichukua. Ila mwambie mama, la pili asilipikie biriani.”

Ami akakaa chini palepale, kwenye vumbi.

Vinyweleo vilinisimama, mwanangu. Juu ya jiwe, mchuzi wa papa. Ndani yake, siku ambayo hakuna mtu aliyeishuhudia. Bibi akaepua chungu polepole. “Subhanallah,” akanong'ona. “Na mie nampaka masizi shahidi wa Mola!”

Usilolijua ni usiku wa giza. Basi nasaha yangu ni hii: kabla hujasema “hili jiwe tu”, uliza limepitia moto gani. Na dhiki ikikubabua, kama ilivyotubabua sisi, usidhani imekufuta, haifiki kote. Mola akujaalie moyo wa kustaajabu, akuhifadhi kila atakapokupeleka. Amin.