Masikio ya Ng'ombe Kwenye Picha ya Ndege

Siku ya kwanza kufanya biashara na Naanyu binti Sapit, nilitoka mikono mitupu. Alikuja kibarazani kwangu Kilosa na kibuyu cha maziwa; nikamwambia yana maji, nikitaka ashushe bei. Hakubisha. Aliyarudisha maziwa kibuyuni hadi tone la mwisho, akaenda kuwauzia majirani. Kesho yake nilimfuata mwenyewe, nikanunua kwa bei yake. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, kwa hiyo kila asubuhi nilimpa shikamoo yake, akaitikia marahaba, kisha tukaanza kuvutana.

Zilikuwa enzi za ruksa, mali za umma zinauzwa kila kona. Mimi niliyeanza na mafungu ya nyanya pale stesheni nilikuwa sasa nanunua samani za ofisi. Shamba moja la mkonge upande wa Rudewa lilipofungwa, nilichukua meza sita. Kwenye droo ya meza mojawapo nikakuta picha kumi na moja za ndege ya zamani, zile za bawa juu na bawa chini, zimeshikizwa kwa vijiti na nyaya.

Mikumi alikuwa amepanga mzee wa Kizungu, rubani mstaafu, aliyekusanya picha za namna hiyo. Akaniambia picha isiyojulikana ni ya ndege gani, wapi, mwaka gani, kwake ni karatasi tu. Habari za ndege angezitafuta mwenyewe vitabuni. Mahali nimtafutie mimi. Nikauliza watu wawili watatu, kila mmoja akasema lake. Basi nikashika kalamu, nikaandika nyuma ya ile nzuri kuliko zote: "Dodoma, 1920." Mteja akitaka jina, mpe jina, ndivyo nilivyokuwa nimezoea. Mzee aliitazama kidogo, akasema mwaka huo ndege ya aina ile ilikuwa bado haijaundwa, akanirudishia bahasha nzima.

Picha zilikuwa mezani Naanyu alipoleta maziwa. Ndege hakuijali. Aliweka kidole kwenye kona ya ile picha nzuri, ambako ng'ombe wanne walisimama nje ya ua wa miiba ulioizunguka ndege.

"Hawa ni wa baba yangu," akasema.

Nilicheka. Mchana alirudi akimkokota mtamba kwa kamba, akamsimamisha mlangoni kwangu huku wateja wakijibana kupita. Ncha ya sikio la kulia ilikuwa imekatwa; la kushoto lilikuwa na mapengo mawili upande wa chini. Nikaazima lenzi kwa fundi saa. Ng'ombe watatu kati ya wale wanne walikuwa na alama hiyo hiyo, na ukoo mwingine, Naanyu alisema, hauikati. Na ule ua nilioudhani wa kuzuia simba, baba yake ndiye aliyeujenga na ndugu zake. Ndege iliharibika ikashuka, ikakaa siku tisa, na ng'ombe wakawa hawaachi kulamba na kutafuna kitambaa cha mabawa.

Nikamuuliza ilikuwa wapi. Hapo akamgeuza mtamba wake kama anayeondoka.

"Mama Yeremia, wewe una picha, mimi nina mahali. Nipe hiyo moja, nikupe mahali pa zote."

Alikuwa na sababu. Shamba lile lilikuwa linagawiwa upya, na mwekezaji alitaka kuziba njia ya ng'ombe kwenda bwawani. Wakala wake alikwisha kuiambia kamati ya ardhi kwamba wafugaji wale wamekuja juzi. Bila bwawa, kiangazi kile ng'ombe wa Naanyu wasingefika Novemba.

Nilimpa nakala ya studio. Akakataa, akisema wataiita ya kughushi. Nikampandishia bei ya maziwa, akakataa. Siku ya nne nikakubali, maana baada ya ile Dodoma yangu, bila shahidi wa mahali nisingeuza hata moja. Masharti yalikuwa yake: atanitajia mahali niandike, naye aweke dole gumba, baada ya kamati kukaa, si kabla, na mimi nimtafutie mwaka. Nikarudi Mikumi. Mzee akasoma herufi za ubavuni mwa ndege, akafungua kitabu, akaandika na kusaini kwamba ndege ile ilisajiliwa 1930 na kuteketea 1932.

Kwenye kamati Naanyu alizungumza kidogo: masikio, ua, siku tisa za ndege kando ya bwawa, karatasi ya rubani. Watu walikuwa wameanza kumwelewa. Wakala akaiomba picha, akaigeuza, akasoma kwa sauti, "Dodoma, 1920."

"Kumbe ni ng'ombe wa Dodoma, mama," akasema. "Walitembea hadi Rudewa kunywa maji?"

Ukumbi ukacheka. Naanyu hakumtazama. Alinigeukia mimi, na nusu ya waliokaa pale walikuwa wateja wangu.

"Mama Yeremia, huo mwandiko ni wa nani?"

Nilipiga hesabu upesi. Nikinyamaza, jina langu linabaki, lakini dole gumba silipati na picha kumi zinaoza. Nikasimama.

"Ni wangu. Niliandika uongo ili niuze."

Mwenyekiti akasema basi twende tukaangalie kwa macho. Tukafika bwawani na picha mkononi. Kilima chenye migongo miwili kilisimama nyuma ya maji vilevile kilivyosimama nyuma ya ndege. Ng'ombe waliokuwa wakinywa walikuwa na masikio yale yale.

Naanyu alipata njia ya kwenda majini, upana wa hatua ishirini, ikaandikwa na kugongwa muhuri. Malisho ya kando yake alipewa mwekezaji. Alikuwa ametaka vyote viwili.

Mimi niliziuza kumi kwa jina la Rudewa, nikaezeka kibanda bati. Ile moja yenye ng'ombe, mzee wa Mikumi angeilipia sawa na hizo kumi. Na hadi leo nikiuza kitu cha zamani sokoni, watu huuliza kama maelezo nimeandika mwenyewe.

Picha anayo Naanyu, ndani ya sanduku la bati. Nilimwomba nifute yale maandishi ya nyuma, akakataa. Alisema likibaki doa la kufutwa, siku moja atakuja mtu kuuliza lilificha nini. Maziwa bado nanunua kwake, kwa bei yake.