Tume Niliyoiongoza kwa Upawa

Jambo hili nimelificha kwa miaka, na ningeendelea kulificha kama shangazi yangu Salome asingekuwa analisimulia kwenye kila harusi ya ukoo, tena kwa kuigiza, hadi watu wanakaa chini kwa kicheko. Basi afadhali mlisikie kwangu mwenyewe, nikiwa bado na uso wa kuwatazama.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Guangzhou, Uchina, kijana mwenye mswada wa riwaya ndani ya begi na imani kwamba dunia nzima inausubiri (haikuwa inausubiri). Shangazi alinunua vitambaa kule soko la Zhongda, mimi nikabeba marobota na kuyaita vipepeo waliokunja mabawa, naye akinijibu, "Haya, beba vipepeo wako, lifti imekufa." Mchana tulikula kwenye mgahawa ulio chini ya nyumba ya wageni, Watanzania na Wakenya meza moja, redio ndogo katikati yetu kama bakuli la mchuzi.

Mwenzetu mmoja pale mezani tulimwita Mzee Vifungo, mzungu mzaliwa wa Nairobi, muuza vifungo, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Siku ninayoisimulia, kontena lake lingefungwa kesho yake, na alikuwa amemwahidi shangazi nafasi iliyobaki, la sivyo nguo zetu zingefika Moshi Krismasi imeshapita. Mzee hakugusa nyama ya nguruwe, alikula mayai ya kuchemsha na machungwa, na Jumamosi hakufanya kazi hata umwambie ghala linaungua. Mimi, mwandishi mwenye jicho kali, nilishakata shauri: huyu ni Msabato.

Siku hiyo redio ikatangaza kwamba serikali moja ya Ulaya imeunda tume ya kuchunguza chuki dhidi ya Wayahudi, na wapinzani wanadai waziri mkuu anatafuta kura tu.

"Kura hizo!" akasema Kapinga wa Songea. "Tume ni dawa ya usingizi. Wananyweshwa wananchi, wanalala."

"Sasa mtu kapigwa, asiulizwe kapigwa na nani?" akajibu Salum wa Unguja. "Waulize bwana, hata kama waziri ana lake moyoni."

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa: nilisimama. Nikajitupia begani sampuli ya lesi ya shangazi iwe joho, nikachukua upawa wa supu uwe rungu, nikapanda juu ya kigoda na kutangaza kwamba tume imefika Guangzhou. Watu wakacheka, na mimi nikichekewa huwa nalewa, nikamhoji Kapinga kwa sauti ya kibunge, nikamhoji Salum, nikampigia meza kwa upawa mpaka mama mwenye mgahawa akaja kuangalia vyombo vyake. Mzee Vifungo akainua mkono, taratibu, yai likiwa bado kwenye vidole.

"Mwenyekiti, naomba kutoa ushahidi."

"Mzee wangu, shusha mkono," nikamwambia, "Wasabato hawahusiki!"

Kicheko kikakatika (mwenye akili angekisikia kinavyokatika). Mimi nikasoma ripoti: "Tume imeona kwamba hapa hakuna chuki yoyote, kwa sababu hakuna Myahudi!"

Mzee akaliweka yai kwenye sahani, akafuta vidole, akatoka.

"Msabato gani, wewe?" Shangazi alisema kwa sauti ndogo, ile ya kuogopesha. "Mzee Vifungo ni Myahudi. Sote tunajua. Na kontena ni lake."

Nikashuka kwa haraka, lesi ikanasa kwenye kigoda, nikaanguka nacho, supu ikanifuata. Mama mwenye mgahawa pekee ndiye aliyecheka.

Mzee nilimkuta mtaa wa Kangle, mlangoni mwa ghala lake, amekaa juu ya gunia la vifungo. Nilikuwa nimetunga ombi refu la msamaha njia nzima, lenye mwezi na machozi ndani yake, likayeyuka lote.

"Nimekosa, mzee wangu."

"Umekuja na upawa?"

"Hapana."

"Basi kaa, tume isikilize."

Akaniambia baba yake alikuwa fundi cherehani kule Ulaya, na waliovunja vioo vya duka lake ni majirani aliowashonea suti za harusi. Akafika Nairobi na sanduku moja la vifungo. "Hakuna serikali iliyomuuliza yaliyompata. Alikuwa na kiti sebuleni, hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Alisema ni cha mtu atakayekuja na kalamu." Akachezea kifungo. "Kwa hiyo wanasiasa wagombanie kura, mimi sijali sana. Waulize tu. Na anayejibu aachwe amalize."

Nilimwacha amalize, na nadhani hiyo ndiyo kazi bora niliyofanya mwaka ule.

"Shangazi yako hana kosa," akasema akiinuka. "Mzigo wake unaingia. Unaupakia wewe, na wangu pia."

Nilipakia hadi mgongo ukaimba, na Krismasi ile Moshi ilivaa. Tangu hapo Mzee Vifungo aliniita Mheshimiwa Mwenyekiti mbele ya kila mgeni, na kila mchana alinimenyea yai. Nami niliapa, na nimeshika kiapo: sipandi tena kigoda chochote, na meza ninayoandikia ina kiti cha pili, mbele yangu, sikiwekei hata kitabu.