Ua la Tungulu

Leo sokoni Kindu muuzaji mmoja alipasua tunda la tungulu mbele yangu, na ile harufu yake kali, kama ya tangawizi mbichi, ikanirudisha porini.

Tulikuwa tumekimbia vita, sisi na majirani zetu. Mama ndiye aliyeona ua la kwanza, jekundu, limechomoza peke yake udongoni, mbali kidogo na shina la mmea wake. Mimi nilidhani ni uyoga. Alifikicha jani la lile shina, akaninusisha.

"Hii njo tungulu, mutoto wangu."

Kisha akafunga fundo la majani pembeni. Kwetu, anayeliona ua kwanza hulifungia fundo, na tunda linakuwa lake.

"Ikiiva, tutakula mimi na wewe."

Homa ilimchukua mama, tunda likiwa bado changa. Likaiva, na wote pale tulikuwa na njaa, lakini hakuna aliyeligusa, hata mimi. Lilikuwa na mwenyewe. Nilikuwa nakwenda kulitazama kila asubuhi, mpaka likaoza.

"Nikuwekee ngapi, mama?" muuzaji aliniuliza.

"Mbili," nikasema.

Nyumbani naishi peke yangu.