Kapita wa Wachawi

Juzi wanangu walikuwa uani wakicheza wachawi, kila mmoja na cheo chake. Nikaukumbuka mchezo wetu wa utotoni kule Likasi, Kongo. Wachawi wetu tuliwapanga kama mgodi uliokuwa umeacha kuwalipa baba zetu: kulikuwa na zamu, posho ya mchanga mwekundu, na kapita wa kuwasimamia, dada yangu Mado.

Alasiri moja pasta alikuja kutuombea, akinuka manukato, akatukuta tukicheza. Akamuuliza Mado kwa upole, "Bale bachawi, njo weye mukubwa yabo?"

"Njo minye, Pasta. Minye njo napanaka posho."

Nilidhani atasifiwa kwa kugawa posho. Pasta alimaliza kuku wetu wa mwisho, akajifuta mafuta mdomoni, akasema njaa yetu imeletwa na Mado. Baba akamfukuza Mado nyumbani. Hatukumwona tena.

Mchawi gani huyo, aliyekula mchanga?