Nyota Tano kwa Mgeni Mbaya

Treni ya kutoka Tabora ilitufikisha Mpanda wote tukiwa na rangi moja, ya vumbi. Ilikuwa imeharibika baada ya Kaliua, tukakaa porini mpaka akina mama wenye maharage wakaanza kuyapika kando ya reli. Nilikuwa nimeacha kazi ya ulinzi Dodoma, na kabla ya hapo nyingine Singida. Mpanda nilikusudia kupita tu. Nikapanga chumba cha uani mtaa wa Kawajense kwa mama mmoja mjane, nikakaa.

Nyumba ya mbele ilikuwa ya matofali ya kuchoma, waliyoyafyatua yeye na marehemu mumewe. Aliipangisha kwa siku kupitia programu ya simu, kwa watu wa miradi na waendao mbugani. Wageni wakikoma, shemeji yake, ndugu wa marehemu na mfanyabiashara wa mpunga, angeigeuza ghala, naye arudi kijijini Kasekese kukaa kwa mdogo wake. Alinieleza hayo mapema, huku akinikabidhi simu.

"Wewe umefika fomu foo, baba. Kiingereza chao utakiweza."

Nikawa mwandishi wake. Mgeni akiondoka, programu inamtaka aeleze alivyoiona nyumba, na mwenye nyumba aeleze alivyomwona mgeni: nyota, na maneno machache. Hakuna anayeona ya mwenzake mpaka wote waandike, au muda uishe. Hapo yanafunguliwa kwa pamoja, wala hayabadilishwi. Niliona ni mpango wa haki. Nilikuwa sijamjua mama.

Alikuja mpimaji wa viwanja kutoka Dar. Aliandikisha mtu mmoja, wakaja watatu. Walichomea nyama sebuleni kwa jiko la mkaa, kaa likaangukia kochi na kutoboa mto. Asubuhi mama aligonga mlango kama alivyogongea wageni wote, ana ndoo ya maji ya moto na uji, maana kwao mgeni haogi maji baridi wala hali peke yake. Jamaa alimfokea mpaka majirani wakachungulia.

"Ana uchovu wa safari," mama akasema.

Alipoondoka, mama alivuta kigoda akaniagiza. "Andika: mgeni wetu ni mtu mwema sana, karibu tena. Nyota zote."

"Na kochi, mama?"

"Kochi lilishachakaa."

"Kwa makaa?"

"Nyie wazungukaji, nani aliwafundisha kumsema mgeni akishawapa mgongo? Andika, baba."

Nikaandika, meno nimeyauma.

Yalipofunguliwa, maneno ya mpimaji yalisomeka hivi: mwenye nyumba hajui mipaka, anagonga mlango alfajiri kama askari, anakaa kukutazama ukila, kochi lina tundu. Nyota moja. Na kwenye ukurasa wake yeye zikang'aa sifa zetu.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema kochi lina tundu."

Alicheka akashika mbavu. Kisha akauliza, "Na uji?"

"Uji hakuutaja."

Hapo kicheko kilikatika. Programu inaruhusu kujibu chini ya maneno ya mgeni, na jibu nilikuwa nalo, lenye pilipili. Mama akakataa. Alitaka niandike kwamba tunampa pole. Mpaka leo nikikumbuka pole ile, damu inanichemka.

Wageni wakapungua, wawili waliofuata nao wakatupa nyota chache, likaja onyo kwamba nyumba itaondolewa. Wakati huohuo akafika mtu wa Ikola, mfanyabiashara wa samaki mwenye vyumba vya kupangisha kwa programu ileile, kule ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Alishuka kwenye pikipiki akiuliza kwa sauti, "Nani hapa aliyemsifu yule mpimaji?"

Mama akamletea maji ya kunywa.

"Sitaki maji, mama! Yule nilitaka kumkataa. Nikasoma sifa zenu, nikamfungulia. Amevunja mlango, amemtukana mke wangu. Kwa nini mlinidanganya?"

"Sikukudanganya, baba. Nilimsitiri mgeni."

"Ulimsitiri, mimi ukaniacha uchi!"

Mama alikaa chini, kikombe bado mkononi. Baadaye akanigeukia. "Futa. Andika vingine."

"Haifutiki, mama."

"Ni kitu gani hiki kisichompa mtu nafasi ya kurudi akasema nilikosea?" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti. Alikwenda bandani akamkamata kuku, akamfunga miguu, akamkabidhi yule bwana ampelekee mkewe. Bwana alimpokea kuku akinung'unika, akayanywa na yale maji.

Mimi nilitukana. Nilimtukana mpimaji, na hao wenye programu ambao hawajawahi kupokea mgeni mlangoni, wanaodhani nyota ya Kawajense na nyota ya Ulaya zinahesabiwa kwa jicho moja. Nilimkasirikia hata mama, nikaona haya kumwambia.

Nyumba iliondolewa. Shemeji alileta magunia kabla vitanda havijatoka, na mama akamtengea beseni la maji ya kunawa. Nilitaka kulipiga teke lile beseni. Nikaingia chumbani kwangu, nikafunga begi.

Siku hiyohiyo nilimpakilia mama mizigo kwenye pikapu ya Kasekese. Alipanda mbele, akamshukuru dereva kwa kumfikisha salama, na gari lilikuwa halijawaka. Dereva hakumjibu. Nilimwambia dereva yule neno ambalo mama angenikataza, nikageuka kwenda stendi kutafuta basi la Sumbawanga.